Msituhesabie minara, tuhesabieni saa za betri

Serikali ya CCM inapenda sana kuhesabu minara. Kila mwaka bajeti ya wizara yenye dhamana ya mawasiliano inaposomwa Dodoma, wananchi husomewa idadi: minara kadhaa imekamilika, kata kadhaa zimefikiwa, na meza za Bunge hupigwa mpaka zinalia. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na kampuni za simu walitia saini, Rais Samia Suluhu Hassan akishuhudia, mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Gazeti hili si la kupinga kila kitu. Mnara ni jambo jema, na aliyekuwa akipanda kichuguu kutafuta mtandao hawezi kukasirika akijengewa.

Lakini tunalo swali moja ambalo katika orodha hizo za kujisifu halipewi nafasi. Umeme ukikatika, mnara huo unaishi kwa muda gani? Unakesha hadi asubuhi? Unadumu saa chache? Au unakata roho kabla ugali haujaiva? Mnara usio na akiba ya umeme ni chuma kilichosimama. Kumhesabia mwananchi vyuma na kumwambia amepata mawasiliano ni kiini macho.

Twende Heru Juu, kwenye vilima vya Kasulu, katika nchi iliyokuwa ya Mwami Theresa Ntare. Enzi za Mwami, ujumbe ulipandishwa mlimani kwa miguu, na mjumbe akichelewa kila mtu alijua kachelewa wapi. Leo ujumbe unapita hewani, na ukichelewa mwananchi haelezwi lolote. Anatazama simu yake, anaona hakuna mtandao, anaizima, anaiwasha tena, anamlaumu mwenye duka aliyemuuzia laini. Kumbe kosa haliko kwenye laini. Liko ndani ya kabati la chuma chini ya mnara, kwenye betri zilizochoka ambazo hakuna aliyewajibishwa kuzibadilisha.

Wapo watakaosema simu ni anasa na kwamba mtu wa kijijini anaweza kusubiri. Hao wanazungumzia mwaka 1994, simu za mkononi zilipoanza nchini zikiwa mali ya wenye nazo wa Dar es Salaam. Leo mambo ni mengine. Mama mjamzito akishikwa na uchungu wa hatari usiku, mpango wa serikali yenyewe, unaoitwa m-mama, unataka ipigwe namba 115. Anayepokea ndiye anayetafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anamtafuta dereva wa jirani aliyeandikishwa, ambaye naye hulipwa kwa simu. Mpango huo ni mzuri na umeokoa watu. Lakini mtambo wote huo, kuanzia zahanati mpaka kwa dereva, umening'inia kwenye mnara. Mnara ukizimika saa 6 usiku, namba 115 ni tarakimu tatu tu.

Tazama na Luku. Mwananchi ananunua umeme kwa simu na kuletewa tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita. Mnara ukiwa umekufa, tarakimu haziji. Wakala naye hawezi kumsaidia, maana anategemea mtandao uleule. Basi fikiria: TANESCO imekata, mnara umezimika, TANESCO imerudisha, mnara haujaamka, na wewe uniti zimekwisha. Una hela mkononi na unakaa gizani. Ada za serikali na ushuru wa halmashauri vinalipwa kwa namba ya malipo kupitia simu. Mkulima wa maharage anapokea hela ya mzigo wake kwa simu. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, maelfu ya wakimbizi wa Kongo wanatafuta habari za ndugu zao kwa simu. Serikali ndiyo iliyotuhamishia maisha yote kwenye simu. Haiwezi sasa kutuambia kwamba umeme wa mnara ni shauri la kampuni.

Tunajua jibu litakalotolewa. Wataturudisha kwenye gridi. Ni kweli mkoa wa Kigoma uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na ni kweli kwamba Oktoba 2022 umeme wa gridi ya taifa uliingia mkoani kutoka Nyakanazi. Hilo hatulibezi. Lakini gridi haiondoi haja ya betri. Umeme unaofika Kasulu umepita njia ndefu, katika mapori na vilima vya Kakonko na Kibondo, na mti mmoja ukilalia waya wakati wa masika, walio mbele wote wamekwisha. Tena tarehe 1 Aprili 2024 gridi yenyewe ya taifa ilipata hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikabaki bila umeme. Siku kama hiyo, umbali wa Heru Juu na Ubungo ni uleule: wote wanategemea akiba.

Na gridi imeleta kishawishi kipya. Zamani kila mmoja alijua umeme si wa kutegemewa, kwa hiyo mnara ulijengewa jenereta lake na tangi la dizeli. Nguzo ya TANESCO ikishafika, mwenye hesabu ofisini anauliza kwa nini aendelee kulipia dizeli na mlinzi. Jenereta likiondolewa, betri zilizokuwa zikisaidiana nalo zinabaki peke yake. Mnara unakuwa umepata umeme kwenye karatasi na kupoteza uhai kwenye mlima.

Kwa kuwa mambo haya hufichwa nyuma ya maneno ya kitaalamu, tuyaeleze kwa lugha ya kueleweka. Umeme wa TANESCO unaoingia nyumbani ni wa mkondo geu, volti 230. Mitambo ya mnara hailishwi umeme huo. Yenyewe hutumia umeme wa mkondo mnyoofu, kama ule wa betri ya gari, ila wa volti 48. Upande chanya ndio unaofungwa ardhini, desturi iliyorithiwa kwenye simu za waya kwa sababu inapunguza kutu ya nyaya zilizofukiwa. Kati ya TANESCO na mitambo kuna kigeuzi ambacho mafundi hukiita rektifaya. Hicho kina kazi mbili kwa pamoja: kulisha mitambo na kujaza betri. Ndiyo maana hupandisha volti mpaka karibu 54, maana maji hayapandi kilima bila kusukumwa.

Betri zenyewe zimeunganishwa na mitambo muda wote. TANESCO ikikata, hakuna kubonyeza chochote. Betri zinabeba mzigo papo hapo, na aliye katikati ya mazungumzo wala hasikii. Zikiendelea kunyonywa, volti zinashuka, na zikikaribia 43 kifaa cha kinga kinakata ili betri zisife kabisa. Hapo ndipo Heru Juu nzima inaponyamaza.

Sasa tupige hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili anaiweza. Chukua mnara wa kawaida unaotumia wati 1,500. Gawanya kwa volti 48, unapata ampea 31. Uwekee seti moja ya betri nne za volti 12, zilizofungwa kwa kufuatana, zenye uwezo wa ampea-saa 200, yaani ampea 20 kwa saa 10. Betri za risasi na asidi hazipaswi kunyonywa mpaka tone la mwisho. Tumia asilimia 80, yaani 160. Gawanya kwa 31, unapata muda wa karibu saa 5. Hiyo ni betri mpya, iliyojaa, siku ya kukata utepe, waziri akiwepo.

Baada ya hapo betri ina maadui wawili. Wa kwanza ni joto. Kanuni inayojulikana kwa mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka juu ya 25, umri wa betri za aina hiyo hupungua kwa nusu. Hapo Heru Juu ina bahati kuliko Dar es Salaam, kwa sababu hewa ya vilimani ni ya baridi. Kwa hiyo anayesema betri za Kasulu zinakufa mapema kwa sababu ya hali ya hewa atafute uongo mwingine.

Adui wa pili ndiye anayezimaliza: kunyonywa kila mara bila kujazwa. Betri iliyoshushwa kwa ampea-saa 160 ikijazwa kwa ampea 20 inahitaji saa 8 au zaidi. Umeme ukirudi kwa saa 4 kisha ukakatika tena, umeirudishia nusu tu ya ilichopoteza, na safari ya pili itadumu saa mbili na nusu badala ya 5. Ikirudiwa hivyo wiki hata wiki, chumvi hugandia bamba za risasi ndani yake, na uwezo unapotea moja kwa moja. Betri ikishuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake wa kwanza, taratibu za kazi hiyo duniani zinasema imekwisha, ibadilishwe. Je, nani anapima?

Maana ubaya wa betri iliyochoka ni kwamba inajua kudanganya. Fundi akifika asubuhi umeme ukiwepo, akipima kwa mita anasoma volti 54. Anaandika kwamba hali ni nzuri, anashuka mlima. Volti hizo si za betri, ni za rektifaya. Ukweli unajulikana kwa njia moja tu: zima umeme wa nje, acha betri zibebe mzigo, shika saa uhesabu dakika. Jaribio hilo halihitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Linahitaji fundi aliyeagizwa kulifanya, kitabu cha kuandika majibu, na mkubwa wa kuulizwa majibu yakiwa mabaya.

Liko jambo jingine ambalo wakazi wa vilimani wanapaswa kulijua. Minara ya vijijini mara nyingi hupeana habari kwa mnyororo, mmoja ukimrushia mwenzake mpaka kwenye njia kuu. Katikati ya mnyororo kuna mnara mama. Mnara mama ukizimika, watoto wake wote wananyamaza hata kama betri zao zimejaa pomoni. Kwa hiyo kijiji kinaweza kukosa simu kwa sababu ya betri mbovu iliyo kilima cha tatu. Yeyote anayepanga akiba ya umeme bila kuanza na mnara mama anamwagilia majani na kuacha mzizi.

Tukiuliza wa kumdai ni nani, tunarushiwa mpira. Siku hizi kampuni unayoiona kwenye laini yako huenda si mwenye mnara. Vodacom iliuza minara yake kwa Helios Towers mwaka 2013, na Airtel nayo ikatangaza mwaka 2021 kuuza ya kwake. Kuuza si kosa. Lakini mwenye laini anasema umeme ni kazi ya mwenye mnara, mwenye mnara anasema TANESCO imekata, na TANESCO inasema mvua. Mwananchi hana mkataba na mvua. Ana mkataba na aliyemkata hela ya vocha.

Na serikali isijifanye refa tu kwenye mchezo huu. Shirika la TTCL ni lake. Katika Airtel Tanzania ina hisa asilimia 49 tangu mwaka 2019. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na fedha za umma ndizo zinazotolewa kama ruzuku ili kampuni zikubali kwenda zisikopata faida. Anayetoa ruzuku ndiye mwenye haki ya kuweka masharti. Akihesabu mnara na kusahau betri, huyo amenunua ng'ombe bila kuuliza kama ana maziwa.

Tuwe wa haki pia kwa kampuni. Betri ni ghali, na zinaibwa. Afrika Kusini, ambako umeme ulikatwa kwa zamu mara kwa mara mwaka 2022 na 2023, kampuni za simu zilijaza minara betri na majenereta kwa gharama kubwa, na wezi wakawa wanafuata nyuma yao. Hapa kwetu mwizi wa betri ya mnara anamuibia jirani yake simu, muamala na gari la wagonjwa, na kijiji kinapaswa kumwona hivyo. Lakini dawa ya wizi si kuacha mnara bila betri. Dawa ni mlinzi wa palepale anayelipwa kwa wakati, na mkataba na serikali ya kijiji ambao kijiji kinafaidika nao. Kijiji kinacholinda mnara wake hakihitaji waya wa miba mrefu.

Suala la gharama halikuanzia kwetu. Marekani, baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005 kunyamazisha simu, tume yao ya mawasiliano iliamuru mwaka 2007 kwamba minara ya simu iwe na akiba ya saa 8. Kampuni zikakimbilia mahakamani zikilalamikia gharama, na amri hiyo haikutekelezwa. Mwaka 2012 kikaja kimbunga Sandy, na katika maeneo kilikopiga karibu robo ya minara ikazimika. Mwaka 2020 jimbo la California, lililochoka na moto wa misitu, likaamuru akiba ya saa 72 katika maeneo ya hatari. Funzo ni kwamba kampuni iliyoachiwa ichague itachagua faida, iwe ya mzungu au ya mweusi. Saa za betri huja kwa amri.

Wala tusiambiwe kwamba serikali yetu haina ubavu wa kuziamuru kampuni. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na siku kadhaa zikapita kabla haijarudi. Siku hiyo hatukusikia habari ya gharama wala ya ugumu wa barabara. Nguvu inayoweza kunyamazisha nchi kwa siku moja inashindwaje kuilazimisha kampuni ibadilishe betri nne Heru Juu? Tunasema haishindwi. Haijataka.

Kwa hiyo madai yetu ni haya, na tunayaandika waziwazi ili mtu asije akasema upinzani unajua kulalamika tu.

Kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, itamke kwa kanuni saa ambazo kila mnara lazima udumu bila umeme wa nje. Sisi tunapendekeza saa 12 kwa mnara wa kawaida wa kijijini, kwa sababu usiku wetu una saa 12, na saa 24 kwa mnara mama. Kwa mnara wetu wa mfano, saa 12 ni seti tatu za betri badala ya moja. Hiyo si safari ya mwezini.

Pili, kila mnara ufanyiwe jaribio la kuzima umeme angalau mara moja kila miezi sita, na majibu yatangazwe kata kwa kata, yabandikwe kwenye ofisi ya mtendaji. Mwananchi anayebandikiwa orodha ya wanaodaiwa michango anaweza pia kubandikiwa umri wa betri za mnara wake.

Tatu, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote usimalize kulipa ruzuku mpaka mnara uwe umepita jaribio hilo, na kila mnara uliojengwa kwa fedha yake ukaguliwe upya. Unaozimika mapema, mwenye nao arudishe hela ya wananchi.

Nne, kunakofaa ziwekwe betri za lithiamu, ambazo hujaa haraka na huvumilia kunyonywa kila siku kuliko za risasi, pamoja na paneli za sola. Jua la Buha halitozwi ushuru bandarini.

Tano, TTCL na Airtel, ambamo serikali ina mkono, zianze wao ili wengine wakose kisingizio.

Na wananchi wa Heru Juu, Kasulu na Kibondo nao wasikae kuomboleza. Umeme ukikatika, andikeni saa. Simu zikizimika, andikeni saa. Zikirudi, andikeni tena. Fanyeni hivyo kwa miezi mitatu, kijiji kwa kijiji, kisha pelekeni daftari hilo kwa diwani, kwa mbunge na kwa TCRA, na nakala mtuletee sisi. Daftari la saa ni silaha kuliko maandamano, kwa sababu kigogo anaweza kubisha kelele zenu, lakini hawezi kubisha hesabu iliyoandikwa na vijiji 20 usiku mmoja.

Mwaka 2010 watu wa Kasulu walionyesha kwamba wanaweza kupeleka Bungeni mbunge wa upinzani. Hawakuogopa wakati ule, na hawana sababu ya kuogopa kuuliza umri wa betri. Waziri akija tena na idadi ya minara, apokewe kwa heshima zote, apewe kiti na maji ya kunywa, kisha aulizwe: huu wetu unadumu saa ngapi? Akikosa jibu, msipige makofi.